Majengo ya Kukopa: Mambo Waliyoyaona Waingereza

Mwezi uliopita kamati ya ujenzi ya kijiji chetu ilikutana chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya mtendaji. Mimi ni karani wa parokia, nami huitwa mara kwa mara kuandika habari za mikutano isiyo ya parokia, kwa sababu watu husema mwandiko wangu wasomeka. Shauri lilikuwa moja tu, nalo ni wodi ya wazazi. Zahanati tunayo, lakini mama akishikwa na uchungu usiku hana budi kupelekwa kituo cha afya kilicho umbali wa kilomita 14, juu ya pikipiki, na wakati wa masika njia ile hukatika penye makorongo mawili. Karibu kila mtu pale alikuwa na habari yake ya kusimulia. Wengine walinyamaza, kwa kuwa habari zao ni za msiba.

Basi alikuwapo bwana mmoja aliyetoka mjini, mjenzi mwenye malori mawili na mashine ya kufyatulia matofali. Akasimama, akavua kofia, akasema: "Wazee wangu na mama zangu, msihangaike. Mimi nitawajengea kwa fedha zangu mwenyewe, na baada ya miezi minne mtashika funguo mkononi. Ninyi mtanilipa polepole, milioni 4 na nusu kila mwaka, kwa miaka 15. Bati likivuja nitaliziba mimi. Rangi ikichakaa nitapaka mimi."

Watu wakapiga makofi, na mama mmoja akapiga vigelegele. Mzee wetu mweka hazina hakupiga makofi. Aliniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, hebu zidisha." (Nilisoma chuo cha ualimu, kwa hiyo mpaka leo wazee huniita hivyo.) Nikazidisha: milioni 67 na laki 5. Naye fundi wetu wa hapahapa alikuwa amekwisha kutukadiria kwamba, ikiwa sisi wenyewe tutasomba mchanga na mawe, jengo lile litakwisha kwa milioni 24.

Siku ile hatukukata shauri. Lakini niliporudi nyumbani sikupata usingizi upesi, kwa maana nilikumbuka kuwa iko nchi moja kubwa na tajiri iliyopewa maneno kama yale yale na wajenzi wake, nayo ikayakubali, ikajengewa shule, hospitali, magereza na barabara kwa muda wa miaka 26. Ndiyo Uingereza. Nimetafuta habari zao na kuzisoma, nami nawaandikia ninyi, ndugu wasomaji, yale niliyoyaona, kwani neno hili laweza kufika kwenye mwembe wa kijiji chako pia.

Zamani Serikali ya Uingereza, kama Serikali nyingine, ilijenga kwa kodi, au kwa mkopo ambao Serikali yenyewe huukopa. Serikali ikikopa, hupata fedha kwa riba ndogo, kwa sababu wenye fedha wajua ya kuwa Serikali haikimbii usiku na mabegi yake. Mnamo mwaka 1981 wakuu wa Wizara ya Fedha waliweka kanuni zilizoitwa kwa jina la mwenzao mmoja, Bwana Ryrie: fedha za watu binafsi zisitumike katika kazi za Serikali, ila itakapoonekana wazi kwamba faida yake yapita ile riba kubwa zaidi. Kanuni hizo zikalegezwa, kisha zikaondolewa mwaka 1989. Halafu mwezi wa Novemba 1992, Bwana Norman Lamont, aliyekuwa Waziri wa Fedha katika Serikali ya Bwana John Major, akatangaza mpango mpya wa kuwaita wenye mali wajenge kwa fedha zao. Waingereza waliuita kwa herufi tatu, PFI. Chama cha Labour kilipochukua utawala mwaka 1997 chini ya Bwana Tony Blair, wengi walidhani mpango huo utafutwa. Haukufutwa, bali ukapanuliwa sana.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Tuseme mji unataka shule. Makampuni kadhaa hushirikiana na kuunda kampuni moja ndogo kwa ajili ya shule hiyo tu. Sehemu ndogo ya fedha hutoka mifukoni mwao, na sehemu kubwa, kwa kawaida karibu sehemu 9 katika 10, huikopa benki. Kampuni mojawapo hujenga, nyingine hutunza jengo, hufagia, hubadili taa. Mji haulipi hata pauni moja mpaka shule ifunguliwe. Ikiisha kufunguliwa, mji hulipa ada kila mwaka kwa miaka 25 au 30, na mwisho wake jengo huwa mali ya mji.

Nimetafuta mfano wa karibu, nao ni ile pikipiki ya mkataba. Vijana wetu wote waijua. Tajiri hununua pikipiki, humpa kijana, na kijana humpelekea hesabu kila siku mpaka muda utimie, ndipo pikipiki iwe yake. Akihesabu mwisho, ameilipia bei kubwa kuliko ya dukani. Lakini je, angeipata wapi ile bei ya dukani siku ya kwanza? Hilo ndilo swali, wala si la kijinga. Kijana anayekejeli mkataba mara nyingi ni yule ambaye baba yake alimnunulia pikipiki.

Tofauti ni hii: Serikali ya Uingereza siyo kijana asiye na kitu. Iliweza kwenda dukani yenyewe, tena kwa riba iliyo ndogo kuliko ya tajiri. Kwa nini basi ikapendelea mkataba?

Sababu ya kwanza haipendezi sana. Deni la Serikali huandikwa katika daftari la taifa, na watu hulisoma, na magazeti hupiga kelele likizidi. Lakini ada ya jengo la PFI, mara nyingi, haikuhesabiwa katika deni hilo. Mtu aliweza kujengewa hospitali mpya, akaizindua, akapigwa picha anakata utepe, na daftari likabaki kama lilivyokuwa. Ni sawa na baba mwenye nyumba anayemwambia mkewe kuwa hadaiwi na mtu, huku kila Jumamosi anapita kwa nyuma ya duka kupeleka malipo. Tena kwa mawaziri na mameya wengi haikuwapo njia nyingine: waliambiwa ya kuwa fedha za Serikali hazipo, wakitaka jengo wafuate njia hii au wangoje.

Sababu ya pili ni ya haki, nami sitaki kuificha. Serikali ikijenga yenyewe haijengi vizuri sikuzote. Waangalieni watu wa Scotland. Walipopewa Bunge lao walitaka jengo la kukutania mjini Edinburgh. Mwaka 1997 walidhani litagharimu kati ya pauni milioni 10 na milioni 40. Lilifunguliwa mwaka 2004, limechelewa miaka mitatu, na gharama imefika kama milioni 414. Jengo lile halikuwa la PFI hata kidogo. Lilijengwa kwa fedha ya Serikali, na kila michoro ilipobadilishwa ndiye mlipa kodi aliyelipa. Kwa upande mwingine, wakaguzi wa hesabu walipochunguza majengo ya PFI mwaka 2003, waliona kwamba yale yaliyozidi bei ya mapatano yalikuwa kama 22 tu katika kila 100, hali zamani, kwa njia ya kawaida, yaliyozidi yalikuwa 73 katika kila 100. Hata katika kuchelewa hesabu zilikuwa karibu na hizo. Maana mjenzi asiyelipwa mpaka afungue mlango hana haja ya kusukumwa. Sisi tulio na madarasa yaliyofika kwenye renta yakaishia hapo, mpaka nyasi zikaota ndani, hatuwezi kulidharau jambo hilo.

Sasa, ili kujua njia ipi ni nafuu, Waingereza waliweka sheria ya kulinganisha. Upande mmoja wa karatasi waliandika gharama ya kampuni, na upande wa pili wakaandika gharama ambayo Serikali ingeitumia kama ingejenga yenyewe. Shida ni kwamba upande ule wa pili ni wa kukisia. Jengo halikujengwa, basi nani atajua? Zaidi ya hayo waliongeza juu ya upande wa Serikali fedha za hatari: hatari ya kuchelewa, hatari ya kukosea, hatari ya bei kupanda. Ukitia hatari nyingi, mizani hulalia unakotaka ilalie.

Halafu ikaja hesabu ya muda, nayo naomba mnivumilie kidogo, kwani ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Pauni ya kesho haina thamani sawa na pauni ya leo, kwa sababu ya leo waweza kuizalisha. Kwa hiyo malipo ya miaka ya mbele hupunguzwa kwa asilimia fulani kila mwaka kabla ya kujumlishwa. Mpaka mwaka 2003 Wizara ya Fedha ilitumia asilimia 6. Kwa kipimo hicho, pauni 100 zitakazolipwa baada ya miaka 30 huandikwa kama pauni 17 tu za leo. Mwaka huo wakabadili kipimo kuwa asilimia 3 na nusu, na pauni 100 zile zile zikawa zaandikwa kama 36. Tazameni: jengo ni lile lile, malipo ni yale yale, kalamu tu ndiyo iliyobadilika, na deni la mwisho likazidi maradufu. Na kwa kuwa kampuni hulipwa miaka ya baadaye, hali Serikali ikijenga yenyewe hulipa mwanzoni, kipimo kikubwa kiliifanya njia ya kampuni ionekane rahisi kuliko ilivyo. Nalimwonyesha mweka hazina wetu hesabu hii. Akaniambia, "Kwa hiyo mtu anaweza kuhongwa na asilimia." Sikuwa na jibu.

Mambo ya baadaye yalianza kutokea mmoja mmoja. Katika mji wa Norwich ilifunguliwa hospitali mpya mwaka 2001. Hospitali ilipokwisha kujengwa na hatari ya ujenzi imepita, wenye kampuni walikwenda benki mwaka 2003, wakabadilisha mkopo wao kwa mkopo wenye masharti mepesi. Katika kubadilisha huko walipata faida ya pauni kama milioni 115. Hospitali ilipewa milioni 34 tu, nyingine wakachukua wenyewe. Hata kamati ya Bunge inayoangalia hesabu za Serikali iliwakemea vikali mwaka 2006. Hawakuvunja sheria. Mkataba uliwaruhusu, maana wale waliouandika kwa upande wa hospitali hawakufikiria ya kuwa mkopo waweza kubadilishwa.

Huko kusini mwa London zilikuwako hospitali mbili kubwa za namna hiyo chini ya uongozi mmoja. Ada zake zilikuwa nzito, na uongozi ule ulikuwa na makosa yake mengine pia, hata ikawa wanapata hasara ya zaidi ya pauni milioni moja kila juma. Mwezi wa Julai 2012 Serikali iliwawekea msimamizi, na mwaka uliofuata ule uongozi ukavunjwa. Daktari aweza kupunguza dawa, aweza kufunga wodi, aweza kuacha kuajiri muuguzi. Lakini ada ya jengo hawezi kuipunguza, kwa kuwa imeandikwa katika mkataba. Nalo ni neno la kufikiriwa na kila mwenye kamati ya zahanati.

Na mjini Liverpool kuna shule ya sekondari iliyojengwa kwa mpango huu, kisha wanafunzi wakapungua mwaka hata mwaka, ikafungwa mwaka 2014. Kengele ikanyamaza, madawati yakaondolewa. Malipo hayakunyamaza. Mji uliendelea kulipa karibu pauni milioni 4 kwa mwaka kwa shule isiyo na mtoto hata mmoja, kwa kuwa mkataba ulikuwa haujaisha.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya Edinburgh, mji ule ule wa Bunge. Tarehe 29 Januari 2016 kulivuma dhoruba kali. Mapema asubuhi, kabla watoto hawajafika, ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs ulianguka, na matofali yenye uzito wa kama tani 9 yakamwagika chini mahali ambapo watoto hupita. Shule ile ilikuwa haijafika hata miaka 12 tangu ijengwe.

Katika nchi za baridi ukuta hujengwa mara mbili, wa ndani na wa nje, na katikati huachwa nafasi tupu. Kuta hizo mbili hushikanishwa kwa vipande vidogo vya chuma. Kila kipande hakina budi kuingia vya kutosha katika saruji ya upande huu na ya upande huu. Wachunguzi walipobomoa waliona kwamba vyuma vingine havikuingia inavyotakiwa, na vingine havikuwamo kabisa. Wakaenda shule ya pili, wakaona vivyo hivyo; ya tatu, vivyo hivyo. Mwezi wa Aprili mji ukafunga shule 17, na watoto zaidi ya 7,000 wakatafutiwa mahali pengine pa kusomea, wengine wakisafirishwa kwa mabasi kila siku.

Mtaalamu aliyeongoza uchunguzi, Bwana John Cole, alitoa taarifa yake Februari 2017. Hakusema kwamba fedha za watu binafsi ndizo zilizoangusha ukuta. Alisema waashi walijenga vibaya, na wasimamizi wa mjenzi hawakuangalia. Na zaidi ya hayo, mji wenyewe haukuweka mtu wake wa kusimama pale penye kazi siku kwa siku, kuchungulia ndani ya ukuta kabla haujafungwa. Walidhani kuwa, kwa sababu kampuni ndiyo itakayolitunza jengo miaka 30, basi itajenga vizuri kwa faida yake yenyewe. Kumbe yule mwashi aliyeshika mwiko alikuwa akilipwa kwa wingi wa matofali, wala hakuijua hiyo miaka 30. Taarifa ilishauri kumrudisha yule mtu wa zamani wa kukagua kazi, ambaye kwa Kiingereza jina lake maana yake ni "karani wa kazi." Nilifurahi kusoma mahali fulani ulimwenguni kwamba karani alipoondolewa, ukuta ulianguka.

Tena yafaa kusema yaliyo ya haki: kampuni ile ndiyo iliyogharimia kutengeneza shule hizo, na mji ulizuia malipo kwa siku ambazo shule zilifungwa. Hapo mkataba ulifanya kazi yake. Kama shule zingekuwa zimejengwa kwa njia ya kawaida na mjenzi amekwisha kulipwa na kwenda zake, sijui nani angemkamata.

Kisha ukafika mwaka 2018. Tarehe 15 Januari kampuni kubwa ya ujenzi iitwayo Carillion ilianguka, imejaa madeni. Ilikuwa imo katika kujenga hospitali mbili kubwa za PFI, moja Liverpool na nyingine karibu na Birmingham, nazo zikasimama zikiwa hazijakwisha. Ile ya Liverpool, iliyokuwa ifunguliwe mwaka 2017, ilifunguliwa mwaka 2022, maana hata boriti zake zilionekana kuwa na kasoro. Ile ya pili ilifunguliwa mwaka 2024. Ikawa Serikali, iliyoambiwa kwamba hatari zote zimekwisha kuhamishiwa kwa kampuni, imezipokea tena. Hospitali ni hospitali. Kampuni ikifa, wagonjwa hawafi nayo wala hawaendi mahali pengine.

Juma lile lile Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu ilitoa taarifa iliyojumlisha mambo yote. Mikataba iliyokuwa ikiendelea ilikuwa zaidi ya 700. Majengo na kazi hizo zote kwa bei ya ujenzi zilikuwa na thamani ya pauni kama bilioni 60. Malipo ya mwaka mmoja wa 2016/17 yalikuwa bilioni 10 na kidogo, na yaliyobaki kulipwa mpaka miaka ya 2040 yalikuwa bilioni 199. Mtu asiseme upesi kwamba waliibiwa tofauti yote, kwa maana ndani ya malipo hayo mna ufagiaji, ukarabati, na mara nyingine chakula cha wagonjwa na ulinzi. Hata hivyo, wakaguzi walitazama kundi moja la shule, wakaona zimegharimu kama asilimia 40 zaidi kuliko kama Serikali ingekopa na kujenga yenyewe. Nao waliandika jambo ambalo lilinishangaza: baada ya miaka 25 na zaidi, hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuonyesha kama mpango huo ulileta faida iliyosemwa au haukuleta. Miaka 25, mikataba 700, na daftari la faida halikuandikwa.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Waziri wa Fedha, Bwana Philip Hammond, akatangaza kwamba hataweka sahihi mkataba mpya wa namna ile. Ya zamani inaendelea kulipwa. Wachache wamejinunua. Hospitali ya Hexham, kule kaskazini, mwaka 2014 ilikopa kwa halmashauri ya mkoa wake, ikawalipa wenye kampuni pauni kama milioni 114 mara moja, ikatoka kifungoni. Walihesabu kwamba kwa miaka iliyobaki watakuwa wameokoa mamilioni kadhaa kila mwaka. Hata hivyo haja haijaisha, na mwaka 2025 Serikali yao ilisema kwamba itaangalia tena kama fedha za watu binafsi zafaa kwa kujenga vituo vya afya. Njaa ya majengo ni kama njaa nyingine, humrudisha mtu katika jungu alilolikimbia.

Msifikiri kwamba mambo haya yamebaki Ulaya. Lesotho, nchi ndogo ya milimani, ilitia sahihi mwaka 2008 mkataba wa miaka 18 na kampuni iliyoongozwa na wenye hospitali za Afrika Kusini, kwa ushauri wa watu wa Benki ya Dunia. Hospitali nzuri ya Malkia Mamohato ikafunguliwa Maseru mwaka 2011. Matibabu yalikuwa bora kuliko ya hospitali kuukuu iliyotangulia. Hata waliochunguza waliona kuwa vifo vilipungua. Lakini mwaka 2014 shirika la Oxfam lilisema kwamba hospitali ile moja yala zaidi ya nusu ya fedha zote za afya za nchi nzima. Benki ya Dunia ilibishana na hesabu hiyo, na ubishi ukaendelea, hata mwaka 2021 Serikali ya Lesotho ikauvunja mkataba kabla ya wakati wake. Mimi nikisoma nilijiuliza habari za zile zahanati za milimani, ambako mgonjwa hufika kwa farasi, zilipata nini katika nusu iliyobaki.

Nairobi nako kuna ile barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Kampuni ya Kichina iliijenga kwa fedha yake, nayo yarudishiwa kwa ushuru wa magari kwa miaka 27. Hapo angalau anayepita ndiye anayelipa, na asiye na fedha hupita chini. Huku kwetu Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, lilijengwa kwa fedha za mfuko wa pensheni wa NSSF pamoja na za Serikali, magari nayo yakatozwa. Sheria za ubia wa Serikali na watu binafsi zimo katika nchi zote mbili, Tanzania tangu mwaka 2010, Kenya tangu 2013. Lakini mama mwenye uchungu huwezi kumtoza ushuru mlangoni kama gari. Malipo ya wodi yatatoka katika michango ya wote, hata ya bibi aliyekwisha kuzaa zamani.

Basi narudi chini ya mwembe. Kaya zetu ni 450, na kila kaya ikitoa shilingi elfu 10 kwa mwaka twapata ile milioni 4 na nusu. Tukijenga wenyewe kwa kuweka akiba tutangoja miaka mitano na zaidi, tena kama bei ya saruji haitapanda, nayo haijawahi kukaa mahali pamoja. Nilifanya hesabu nikaona kwamba bwana yule, kwa kutupa jengo la milioni 24, atuuzia fedha yake kwa riba ya kama asilimia 17. Si riba ya kumtia mtu aibu; wako waliokopa benki mjini kwa riba isiyo mbali na hiyo, na yeye ameongeza juu yake matengenezo. Lakini miaka mitano ni mingi kwa njia ile ya makorongo mawili. Mama mmoja katika kamati alisema, "Ninyi wanaume hesabuni mpaka kesho. Mimi nahesabu waliokwisha kwenda." Hakuna aliyemjibu.

Mtendaji alitukumbusha kwamba kijiji hakiwezi kujifunga kwa miaka 15 bila kibali cha Halmashauri ya Wilaya, na kwamba tumekwisha kuandika kuomba fedha za kumalizia boma ikiwa sisi tutaliinua mpaka kwenye renta. Barua hiyo niliiandika mimi mwenyewe, jibu halijafika. Kwa hiyo tuliamua kumpelekea bwana yule maswali matatu kwa maandishi. La kwanza: je, atakubali fundi wetu akae penye kazi kila siku, na msingi usifunikwe kabla hajauona? La pili: tukipata fedha mapema, je, twaweza kumaliza deni lote kabla ya miaka 15, na kwa bei gani? La tatu: ukuta ukipasuka, au wodi isipotumika kwa ubovu wake, malipo yatasimama?

Amejibu kwa simu. Swali la kwanza amekubali, tena kwa furaha, akasema fundi wetu atapata na chai. La pili amesema tutazungumza, na kwamba hatakosa kutupunguzia kitu. Kwa habari ya la tatu alicheka, akasema yeye hajengi kuta za kupasuka. Mweka hazina akaniagiza nimwandikie tena, nimwambie twangoja jibu lililoandikwa, maana kicheko hakiwezi kubandikwa katika faili. Barua imeondoka Jumatano kwa basi la asubuhi. Kamati itakutana tena Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa 9 alasiri, pale pale chini ya mwembe.